Nilituma hela ya kikoba kwa sauti ya mwenyekiti, kumbe sio yeye

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua na jioni natoa mihogo, na huu ni mwaka wa sita niko mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, tupo wanawake 22. Naomba univumilie maana nitaeleza yote, hata yale ambayo mume wangu bado hajayajua.

Kikoba tulianza na sanduku la bati, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu. Mimi nakaa na sanduku ila ufunguo sina. Mwaka juzi mtaa wa pili waliingiliwa usiku wakasombwa kila kitu, tukapata hofu, tukakubaliana hela zikae kwenye simu, kwenye laini yangu mimi, nikasajili laini mpya ya kazi hiyo tu. Kila Alhamisi tukikutana barazani kwa mwenyekiti mtu anatuma hisa zake pale pale, mimi nasoma meseji kwa sauti, katibu anaandika daftarini, na haijawahi kupotea hata mia.

Sasa mwezi uliopita siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi niko na karai la mafuta mbele yangu, ikaingia voisi ya WhatsApp kutoka kwa mwenyekiti. Namba yake, picha yake ile ya harusi ya binti yake, na sauti yake Shangazi, ule mkwaruzo wa koo na anavyoniita "mdogo wangu wee". Anasema mwenzetu mmoja kapasuliwa usiku kujifungua, hali mbaya, hela inatakiwa sasa hivi, nitoe 780,000 nitume kwenye namba atakayoandika na wenzetu tutawaeleza Alhamisi. Nikaweka namba likatokea jina la mwanaume simjui, nikamuuliza kwa meseji huyu nani, akaandika "mhasibu wa hospitali fanya haraka mtu anakufa". Na kweli mwenzetu huyo mimba yake ilishafika miezi tisa. Nikatuma.

Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" mimi nazifuta kila wiki na nimemfundisha mpaka mama mkwe asizijibu. Lakini hii haikuwa meseji, ilikuwa sauti ya mtu niliyekula naye sahani moja miaka 20.

Jioni nikamkuta yule mjamzito sokoni Mgandini na tumbo lake, ananunua nazi. Miguu iliniisha nguvu. Kesho yake mwenyekiti akatuma ujumbe kwa namba nyingine kwamba WhatsApp yake imeibiwa, kuna kijana alimpigia akamwambia ameingizwa kwenye semina ya kina mama wajasiriamali asome zile namba sita zilizoingia kwenye simu yake, akasoma, basi ikawa imekwenda. Hapo ndo ningesema Shangazi. Sikusema. Alhamisi nikasoma salio kwenye daftari bila kufungua simu, wote wakaitikia.

Nikasema nitairudisha kidogo kidogo mwenyewe. Nikapakua apu ya mikopo, niliomba 200,000 nikapewa 150,000 mkononi na kulipa ni ndani ya siku saba. Nilishindwa. Siku ya nane wakawatumia meseji watu walio kwenye simu yangu, mwenyekiti, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa mwanangu, kwamba mimi ni mwizi natafutwa. Mwenyekiti akaja nyumbani na simu mkononi, ndo nikaeleza yote.

Sasa kikoba kimegawanyika. Wakubwa wanasema simu ni balaa turudi kwenye sanduku, mabinti wanasema tuhamie huduma ya kikundi ya mtandao wa simu, na wengine wanasema hakukuwa na tapeli wowote, hela nimekula mimi. Mwenyekiti hanisalimii. Nimepewa mpaka mwezi wa kumi na mbili tutakapogawana niwe nimelipa zote. Na mimi mwenyewe nimeharibika, simwamini mtu. Mwanangu yuko chuo Dodoma alinipigia kwa namba ngeni, simu yake imeharibika anaomba 60,000 ya chumba, nikamuuliza maswali matatu, paka wetu aliitwa nani, bibi yako kazikwa wapi, akajibu yote huku analia kwa hasira, "mama unaniuliza mimi ni nani?" Nilituma hela lakini leo siku ya kumi na moja hajapiga.

Nilipe zote? Nijiuzulu? Na nitaishije na watu kama hata sauti siwezi kuiamini tena?

Mweka hazina, Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaona kitu ambacho naona hata wewe hujakiona kwa sababu umekiandika haraka haraka ukapita. Umesema sanduku lilikuwa na kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu. Halafu umesema hela zikahamia kwenye laini yako. Laini moja, jina moja, namba ya siri moja iko kichwani mwako. Mwanangu, siku mliyohamisha hela kutoka kwenye bati kwenda kwenye simu mlihamisha hela peke yake, kufuli mkaziacha kwenye sanduku. Hakuna aliyeuliza zile funguo mbili nyingine zimekwenda wapi, si mwenyekiti, si katibu, si mabinti wanaojua simu. Ulipofika yule mwizi hakukuta mlango wenye kufuli tatu, alimkuta mwanamke mmoja mbele ya karai la mafuta, ana huruma na mwenzake anayejifungua.

Na zile kufuli tatu hazikuwekwa kwa sababu kina mama hawaaminiani. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991, kina mama wa Maradi wakishirikiana na shirika la CARE, ndo ukasambaa mpaka huku kwetu na Zanzibar. Kina mama wale walikuwa majirani, wanapeana moto wa kuwashia jiko, na bado wakasema sanduku alale nalo huyu na funguo wawe nazo wale. Walijua mtu mwema naye anaweza kutishwa, anaweza kubembelezwa, anaweza kuwa na mtoto mgonjwa usiku wa manane na hela iko chini ya kitanda. Kufuli ilikuwa inamlinda yule anayelala na sanduku. Wewe ulilindwa miaka minne, halafu ukaachwa peke yako miaka miwili, na jambo hili uliseme kwenye kikao kwa mdomo wako, taratibu, bila kulia.

Sasa lile la uchungu. Jumanne ulitapeliwa, hilo sio kosa la kukufukuzia mtu. Alhamisi ulisoma salio ambalo halipo. Hapo mwanangu hakuna tapeli, hapo ni wewe. Wenzako wakikukasirikia usidhani wanakasirikia 780,000 peke yake, wanakumbuka walivyoitikia siku ile, wanajiuliza ni Alhamisi ngapi nyingine waliitikia hewa. Ndo maana wapo wanaosema hakukuwa na tapeli. Siwatetei, lakini naelewa njia waliyopita mpaka wakafika huko, na njia hiyo uliichonga wewe. Usipoomba radhi ya Alhamisi peke yake, mbali na radhi ya hela, maneno yako mengine yote yatasikika kama utetezi tu.

Nadhani ulinyamaza kwa aibu, ulijua watasema "sauti tu ndo ukatuma laki saba?" Ngoja nikwambie habari ya hizo sauti. Januari 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza mashine yao inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kumsikia sekunde 3 tu. Machi 2024 OpenAI, wale wenye ChatGPT, nao wakasema yao inataka sekunde 15, na wenyewe walisema wanaogopa kuiachia kwa watu wote kwa namna inavyoweza kutumiwa vibaya. Sekunde 15 ni salamu tu ya mwenyekiti wenu, bado hajafika kwenye habari za watoto. Sasa hesabu voisi alizotuma kwenye grupu lenu kwa mwaka. Iwe hiyo uliyosikia ilitengenezwa na mashine au ni mtu anayejua kuigiza, kwako wewe ni mamoja, sauti ya mtu ilikuwa kitambulisho chake tangu dunia iumbwe na sasa sio kitambulisho tena. Zamani nilipokuwa msichana mama alikuwa akituma hela Lushoto kwa konda wa basi, bahasha imeandikwa jina, na hakuwa na wasiwasi kwa sababu konda anajulikana kwao ni wapi, baba yake nani, msikiti anaoswali. Leo namba unaijua, mtu nyuma ya namba humjui. Na umekuja kulijua hilo kwa hela za watu, ndo maana imekuuma hivi.

Lakini jina ulilioneshwa, mwanangu. Simu ilikuonesha jina la mwanaume usiyemjua kabla hujabonyeza, na ukashtuka, ukauliza. Ulishtuka sawasawa kabisa! Kilichokosekana ni kwamba ulimuuliza yule yule mwizi. Siku nyingine ukishtuka muulize mtu wa pembeni, piga simu ya kawaida kwa namba uliyonayo toka zamani, au mtume mtoto akimbie mpaka nyumbani kwa mtu, Ngamiani mnakaa barabara mbili tatu kati yenu. Na neno "haraka" ukilikuta limekaa jirani na neno "tuma" simama hapo hapo, kwa sababu hospitali ya kweli inaweza kusubiri dakika tano za wewe kuulizia, mwizi ndo hawezi.

Kuhusu mwenyekiti. Umeandika kwa unyonge kwamba hakusalimii, ila umeandika pia kuwa yeye ndo alisoma zile namba sita kwa kijana wa semina. Najua unalo hilo moyoni na lina kishawishi kikubwa cha kulitoa kikao kikipamba moto. Usilitoe kama fimbo. Yeye naye alipigwa, na pengine anakununia wewe kwa sababu akikuangalia anaona sehemu yake. Nenda kwake kabla ya kikao, peke yako, jioni, umwambie dada yangu wote wawili tulipigwa siku mbili mfululizo, wewe walichukua sauti mimi wakachukua hela, tuingie barazani pamoja. Kama hatakubali, basi, angalau umefika. Na umsaidie awashe ule uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, namba ya siri ya tarakimu sita anayoichagua mwenyewe, maana bila hiyo wataichukua tena. Wote 22 wawashe, mabinti wawafanyie wakubwa pale pale barazani, kazi ya robo saa.

Nilipe zote, umeuliza. Kwa maoni yangu hapana, sio zote na sio peke yako. Pendekeza nusu ibebwe na faida ya kikundi, kwa sababu ni kikundi kizima kilichokubali hela ya watu 22 ilindwe na mtu mmoja, na nusu uilipe wewe kidogo kidogo kwa muda mtakaokubaliana, uandikwe daftarini na kusainiwa. Wanaweza kukataa, katiba yenu inaweza kusema vingine, isomeni kwanza. Na kama hamjasajiliwa, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi kama vyenu, ndo daraja la nne, na inavitaka visajiliwe, nendeni halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii mkaulizie. Ile ya apu ni deni lako, hiyo usiwape wenzako.

Ila ile apu nayo ina lake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni na kuyapiga marufuku, na moja ya mambo yaliyowakera watu ni hili hili la kudhalilishwa kwa ndugu na jamaa. Angalia kama yako imo kwenye orodha hiyo au kama ina leseni. Uliposakinisha ilikuuliza "ruhusu kusoma majina ya simu yako", ukabonyeza ruhusu kama tunavyobonyeza wote, basi ustadhi na mwalimu wakawa dhamana ya mkopo wako bila wao kujua. Kubonyeza kwako hakuifanyi hiyo iwe halali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, piga picha zile meseji zote za matusi uzihifadhi, peleka malalamiko. Kulipa ulichokopa ni haki yao, kukutangaza mwizi sio haki yao. Apu yenyewe ing'oe, na ustadhi mwambie ukweli kwa mdomo wako, atakuelewa kuliko unavyofikiri.

Umeenda polisi? Barua haisemi, kwa hiyo naona hujaenda. Nenda kesho, chukua RB, ile namba ya taarifa yako ya polisi, beba ile meseji ya muamala yenye jina na namba. Piga 100 huduma kwa wateja ya mtandao wako, utoe taarifa, hata kama hela imeshatolewa namba ile ifungwe isiendelee na mwingine. Zile namba za kitapeli zinaripotiwa 15040 bure. Ukiwa hapo hapo bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usije kukuta na jina lako nalo linatumika kupigia wengine. Karatasi ya polisi huenda isirudishe hela, lakini ndo itakayowanyamazisha wanaosema tapeli hakuwepo, na wewe unaihitaji sana hiyo kuliko unavyodhani.

Sanduku au simu? Mimi sijali, mwanangu, wala nyie msigombane kwa hilo. Ubishi wenu uwe juu ya kufuli. Mkirudi kwenye bati, rudini na funguo tatu. Mkienda kwenye simu, kuna huduma za vikundi kama M-Koba, iliyoanza 2019, ambapo hela haitoki mpaka viongozi wathibitishe kila mmoja kwenye simu yake na wanachama wanapata meseji, mwenye kitochi naye anapata. Au akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu. Wakubwa waambiwe hivyo, kwamba zile ni funguo zao zile zile. Naona wanachoogopa sio simu, wanaogopa kitu kinachotokea mahali wasipopaona, na wana haki, maana miaka miwili hela yao ilikaa mahali wasipopaona.

Kujiuzulu, ndiyo, jiuzulu uhazina. Usisubiri waseme. Ila usitoke kikoba, endelea kununua hisa kila Alhamisi hata ikiwa moja, ukae pale pale kwenye mkeka wako waendelee kukuona. Maneno yako kwa sasa wameyachoka, wakuone tu mwaka mzima unakuja na unalipa.

Na mumeo aambiwe leo, kabla hujaenda barazani. Meseji za ile apu zimeshazunguka nusu ya Ngamiani, usimwache ayasikie kwa fundi baiskeli.

Sasa mwanao. Hukukosea kumuuliza. Namba ngeni, hela, haraka, ungefanyaje? Ulichokosea ni kumuuliza kama mshitakiwa bila kumwambia kwa nini. Yeye hajui kilichokupata, au anajua kwa vipande vya umbea. Kijana yuko mbali, simu imekufa, anadaiwa chumba, anampigia mama yake halafu anaulizwa jina la paka, lazima alie. Mweleze kisa chote, mpaka aibu yako ya Alhamisi, watoto wakubwa wanabeba kuliko tunavyodhani. Halafu chagueni neno, neno moja la nyumbani kwenu ambalo haliandikwi popote wala kusemwa kwenye voisi, kitu alichokuwa akikiita vibaya alipokuwa mdogo au jina la utani la babu yake, akipiga kwa namba ngeni alitaje mwenyewe kabla hujauliza, na wewe ukimpigia kwa namba ngeni ulitaje, ili asiwe yeye tu anayehojiwa. Baba yake apewe, wadogo zake wapewe. Na sahani moja ya miaka 20 na mwenyekiti nayo ina maneno mengi ya hivyo, chagueni lenu mkishapatana.

Siku kumi na moja ni nyingi. Usisubiri apige yeye, mpigie leo jioni akishatoka darasani.